Kipimo Kilekile, Mti Uleule

Kupima unene wa mti ni kazi ambayo mtoto wa darasa la nne angeimaliza kabla ya kengele ya mapumziko: zungusha utepe, soma namba, andika. Mpeleke mtoto huyo kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania, mbele ya mti ulioota kwenye mteremko mkali, ambako udongo wa upande wa juu uko usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama upande wa chini. Kisha mwulize utepe upite wapi. Hapo ndipo ufundi unapoanza.

Mafundi wana jibu. Kipimo huchukuliwa mita 1.3 kutoka ardhini, yaani urefu wa kifua, na ardhi inayohesabiwa ni ya upande wa juu wa mteremko. Mti ukiwa umeinama, mita hizo hulifuata shina lenyewe. Ukiwa na mizizi mipana iliyosimama nje ya udongo na kupanda hadi juu ya kichwa cha mtu, utepe huzungushwa juu ya mizizi hiyo, pale shina linaporudi kuwa la mviringo, na urefu wa mahali hapo huandikwa. Kamba za msituni zinazoparamia shina hazikatwi. Huinuliwa kwa vidole, utepe ukapita chini yake. Utando wa kijani ulioganda kwenye gome hupanguswa kwa kiganja. Kisha mstari wa rangi huchorwa palepale utepe ulipopita, na kibati chenye namba hupigiliwa kwa msumari mbali kidogo na mstari huo, kwa sababu mti huvimba kuzunguka jeraha la msumari na uvimbe ungeingia kwenye hesabu.

Ukali wote huo una sababu. Mti mkubwa wa msitu wa mlimani huweza kunenepa milimita chache tu kwa mwaka. Utepe uliolala upande, au uliopanda vidole vitatu juu ya mstari wa zamani, huzaa kosa linaloweza kuzidi ukuaji wa miaka kadhaa. Mpimaji mzembe anaweza kuukuza mti kwa mkono wake, au kuukondesha, na daftarini namba yake itaonekana safi sawasawa na ya mwenzake makini. Basi fundi hufanya kila linalowezekana ili tofauti kati ya namba ya leo na ya miaka mitano iliyopita iwe ya mti peke yake, asiwemo yeye hata kidogo.

Hata eneo lenyewe la kupimia miti, yaani ploti, halipimwi kwa kuburuza kamba juu ya ardhi. Hekta ni mita 100 kwa 100 kwa usawa, kama ramani inavyoiona. Mteremkoni kamba hurefushwa kulingana na mwinamo; bila hivyo ploti ya kwenye genge na ya kwenye uwanda hazilinganishiki, na msitu wa genge utaonekana una miti michache kuliko ilivyo kweli. Hesabu hiyo hufanywa mvuani, magoti yakiwa matopeni, na mtu anayejua kwamba hakuna atakayekuja kumkagua.

Milima ninayoisema ni ya Tao la Mashariki. Linaanzia vilima vya Taita nchini Kenya, linapita Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru, hadi Mahenge na Udzungwa kusini. Ni miamba ya kale, na upepo wa Bahari ya Hindi huinyeshea mvua. Kati ya mlima na mlima pamelala nyanda kavu, na misitu yake imetengana muda mrefu kiasi kwamba kila mmoja umejilelea viumbe wake. Ua dogo la zambarau linalopamba vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani lilitoka Usambara. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na ofisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire. Miaka kumi baadaye Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki. Mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa ulioanzia hapo ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na ndio shina la Hebaria ya Afrika Mashariki tuliyonayo leo.

Lakini kabla hujahesabu sharti ujue unachohesabu, na katika misitu hii kuujua mti ni fani inayojitegemea. Majani yako mita 30 au 40 juu, yamechanganyika na ya jirani. Anayejua haanzi kwa kuinua shingo. Huanza na gome: huchanja kidogo kwa ncha ya panga, hungoja, hunusa. Mkulo hunuka kafuri, ukatambulika kabla jani lake halijaonekana. Mtambaa wa Usambara, ambao ni wa jamaa ya kungumanga, hutoa utomvu mwekundu. Mikuyu hutoa utomvu mweupe. Kungoja ni sehemu ya kazi, kwa kuwa utomvu mwingine hutoka bila rangi na kuibadilisha unapopigwa na hewa. Kisha jani huokotwa chini na kuinuliwa kwenye mwanga: likiwa na vitone vidogo vinavyopitisha nuru, huenda ni la jamaa ya mlimau, au ya mkarafuu. Mti ambao mgeni angeutazama saa nzima huwa umepata jina katika dakika mbili.

Wengi wenye ujuzi huu hawakuupata chuoni. Wameupata kwa warina asali, kwa waganga wa mitishamba, kwa wapasua mbao wa zamani waliolazimika kujua mti gani unakula msumeno na upi unapasuka ovyo. Msomi huja na jina la Kilatini. Wao wanakuja na mti wenyewe. Utafiti unaokwenda vizuri ni ule ambao pande hizo mbili zimekaa ubavuni mwa mti mmoja kwa muda wa kutosha, kila upande ukimuuliza mwenzake.

Jina likiwa na shaka, sampuli huchukuliwa, na sampuli isiyo na ua wala tunda mara nyingi humwacha mtaalamu mikono mitupu. Kwa hiyo kuna wanaoparamia miti, kuna wanaorusha kamba kwa manati ipite juu ya tawi, na kuna wenye jicho la kuona petali chache zilizoanguka njiani na kujua zimedondoka kutoka wapi. Tawi likipatikana hupunguzwa litoshe ukurasa wa gazeti kuukuu. Jani moja hugeuzwa ili mgongo wake uonekane, tunda nene hupasuliwa kati, kisha magazeti hupangwa kwa tabaka na maboksi bapa na kubanwa kwa mikanda. Usiku jiko huwashwa chini ya mzigo huo, kwa maana kwenye msitu wa mawingu kuvu haichelewi. Magazeti yaliyolowa hutolewa, makavu huingizwa, na kesho tena hivyohivyo.

Kinachokauka hupoteza rangi na harufu. Ua jekundu hugeuka kahawia, na utomvu hauachi alama. Ndiyo sababu daftari huandikwa siku ileile, hata kama mwandishi anasinzia: rangi ya ua, harufu ya gome, kimo cha mti, mwinuko kutoka usawa wa bahari, udongo, jina la Kishambaa au la Kihehe na hali ya mahali. Hebarini, miaka 80 baadaye, karatasi itaonyesha umbo la jani, lakini harufu itasomwa daftarini tu. Sampuli moja hukusanywa kwa nakala kadhaa: moja ikabaki nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au hebaria ya taifa Arusha, nyingine zikaenda Nairobi, Kew nchini Uingereza au Missouri nchini Marekani, ili moto au wadudu wakila moja, shahidi mwingine awepo.

Kazi kubwa iliyojengwa juu ya karatasi hizo ni mfululizo wa vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, ulioanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012. Ni miaka 60, na spishi zaidi ya 12,000 zimeelezwa humo moja baada ya nyingine. Walioandika kurasa za kwanza wengi hawakuiona ya mwisho. Ukiona vyaelea, vimeundwa: nyuma ya kila aya fupi kuna mtu aliyebadilisha magazeti usiku.

Kwa wanyama, ugumu hugeuka. Mti hukungoja, ndege na paa hawangoji. Mwaka 1987 mtafiti wa Marekani, William Newmark, alianza kuwanasa na kuwavisha pete ndege wa chini ya msitu huko Usambara, pamoja na wenyeji waliojifunza kazi hiyo hadi wakawa mabingwa wake. Nyavu nyembamba husimamishwa alfajiri, na njia ya nyavu hutembewa tena na tena, kwa kuwa ndege hapaswi kukaa ananing'inia juani au mvuani. Mtoa ndege huangalia kwanza aliingia upande gani. Kisha hufungua miguu, mbawa, na mwisho kichwa, akiishikilia shingo katikati ya vidole viwili bila kuikaba. Ndege hupimwa uzito ndani ya mfuko wa kitambaa, bawa hupimwa kwa rula, pete huvishwa mguuni, mkono hufunguliwa. Ukitazama mikono iliyozoea, unaona haraka isiyo na papara: hakuna kidole kinachorudia jambo.

Ndege aliyenaswa mara ya kwanza hasemi mengi. Thamani huja pale mwenye pete anaporudi mwaka unaofuata, au asiporudi. Mama anayeitunza kadi ya kliniki anaelewa hili bila kufundishwa: uzito wa mtoto wa mwezi mmoja ni namba tu, na mstari wa miezi mingi ndio unaomfanya muuguzi akunje uso. Kwa ajili ya mstari huo, nyavu hurudi palepale, msimu uleule, kwa idadi ileile. Mwaka 1991 Newmark alichapisha ushahidi kwamba vipande vidogo vya msitu Usambara Mashariki vilikuwa vimepoteza ndege wa chini ya msitu. Mwaka 2003 watafiti Norbert Cordeiro na Henry Howe wakaonyesha upande wa pili wa shilingi kwa mti wa Usambara uitwao Leptonychia usambarensis. Katika vipande vya msitu ndege wanaobeba mbegu zake wamepungua, mbegu nyingi zinaishia chini ya mti mama, na miche inakuwa haba. Mti bado umesimama na mpita njia anauona mzima. Lililokatika ni mwendo wa mbegu, na mwendo huo huonekana kwa mtu aliyekaa chini ya mti akihesabu nani amekuja kula na ameondoka na nini.

Kwenye Udzungwa, kazi ya kuona wasioonekana hufanywa na kamera za kutega. Kituo cha utafiti wa ikolojia kilianzishwa Mang'ula mwaka 2006 kwa ushirikiano wa jumba la makumbusho ya sayansi la Trento, Italia, na Hifadhi za Taifa. Tangu 2009 kamera zimekuwa zikitegwa kwenye vituo 60 vilevile ndani ya msitu, kila moja ikiachwa siku 30. Kuning'iniza kamera ni jambo la dakika moja. Kujua iwekwe wapi ni jambo la miaka. Mtegaji husoma kijia kwa nyayo, kinyesi na nyasi zilizolala. Hufunga kamera chini, karibu na usawa wa goti, na huepuka kuielekeza jua linakochomoza, maana mwanga na majani yanayocheza huifyatua bure. Jani linaloning'inia mbele hukatwa. Kisha hupiga magoti na kutambaa mbele ya kamera, akijifanya mnyama, kuhakikisha imemwona. Mvua huingia penye ufa, sisimizi hujenga makao, na tembo akikichukia kidude hicho huking'oa na mti wake.

Picha zinazorudi nyingi ni za majani na za funo walewale. Zote hupitiwa, na kituo ambacho hakikupata kitu huandikwa kuwa hakikupata kitu. Sifuri ile ina uzito wake: bila kujua kamera ilikesha siku ngapi bila kumwona paa aitwaye minde, huwezi kusema minde ni wachache au wengi. Mara mojamoja subira hulipa kwa namna nyingine. Mwaka 2005 kamera ya mtafiti Francesco Rovero kwenye msitu wa Ndundulu ilipiga picha ya sange ambaye hakufanana na yeyote aliyejulikana: uso wa kijivu, kiuno cheusi. Ilibidi watafiti warudi, wamtege, wampime, wamlinganishe na sange wa makumbusho. Mwaka 2008 alitangazwa kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis, sange mkubwa kuliko wote, mwenye uzito wa gramu 700 hivi.

Kuna zana moja zaidi isiyouzwa dukani, nayo ni sikio. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walisikia katika msitu wa Mwanihana, Udzungwa, mlio uliowashangaza, ambao haukuwa wa nyani wala wa mbega. Mwenyeji aliyewaongoza hakushangaa. Kwake huyo alikuwa mnyama wa kawaida. Ndipo sayansi ilipompata tumbili aitwaye mangabi wa Sanje. Mwaka 1991 wataalamu wa ndege kutoka Denmark, wakiwa kambini Udzungwa, waliona kwenye sufuria ya kitoweo miguu ya ndege wasiyemfahamu, na kutoka hapo akajulikana kwale wa Udzungwa. Wawindaji wa Kinyakyusa kwenye mlima Rungwe walikuwa wakimtaja tumbili aitwaye kipunji muda mrefu. Kundi la mtafiti Tim Davenport lilimfuatilia kwa maswali kabla ya kumfuatilia kwa miguu, likamwona mwaka 2003. Alitangazwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe. Maswali hayo ni ufundi pia. Ukimwuliza mzee kama kuna tumbili mwenye mkia mrefu na nywele za kahawia, atakubali kwa adabu. Ukimwomba akueleze wanyama wote anaowajua, ukanyamaza, atakutajia yule ambaye hukumwuliza.

Kugundua husifiwa magazetini. Mimi nastaajabia zaidi kuhesabu kunakokuja baadaye, kwa kuwa ndiko kunakosema kama kilichogunduliwa kitabaki. Watafiti wamekuwa wakipita mikuza ileile ya Udzungwa, yaani njia nyembamba zilizowekwa kwa ajili ya kuhesabia, wakihesabu mbega wekundu, hatua za polepole, macho juu, wakiandika umbali, saa na idadi. Hesabu hizo ndizo zilizoonyesha kwamba katika Mwanihana, ndani ya hifadhi ya taifa, mbega wekundu wamedumu, na katika Uzungwa Scarp, ambako ulinzi ulikuwa dhaifu, walipungua vibaya kwa sababu ya uwindaji. Bila mkuza uleule tungekuwa na maneno ya huyu dhidi ya yule. Upande wa Amani, watafiti wa miti waliufuatilia mti wa musizi, ulioletwa na wapandaji miti wa enzi ya ukoloni. Hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu hadi ndani ya msitu, nao huota kwa wingi pale palipokatwa magogo. Msitu ukitazamwa kwa mbali ni kijani tu. Majina na unene vikiandikwa mti kwa mti, kijani hicho hugawanyika: wenyeji hapa, mgeni pale.

Korongo la Kihansi, Udzungwa, lina somo kali zaidi. Chura mdogo wa manyunyu ya maporomoko, asiyepatikana popote pengine duniani, aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa tayari unaendelea. Mwaka 2000 maji yalielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walizalishwa kwenye bustani za wanyama Marekani, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Kila aliyewahesabu baadaye alikuwa na miaka michache mno ya nyuma ya kulinganisha.

Basi nani anastahili sifa ya ufundi huu? Mimea yenyewe imeanza kujibu. Leonard Mwasumbi, aliyeitunza hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ana jenasi nzima kwa jina lake, Mwasumbia, iliyotangazwa mwaka 2009 kutokana na mti wa jamaa ya mstafeli. Iddi Rajabu, mtaalamu wa mimea wa Usambara, ana Mischogyne iddii. Mti mrefu wa Udzungwa, Tessmannia princeps, ulipotangazwa mwaka 2025, Aloyce Mwakisoma na Ruben Mwakisoma, wataalamu wa mimea wenyeji wa milima hiyo, walikuwa miongoni mwa walioshiriki kuupata. Ni hatua njema, na imechelewa. Kwa miongo mingi mtu aliyeutambua mti kwa harufu ya gome alitajwa mwishoni mwa makala kwenye mstari wa shukrani, au hakutajwa.

Heshima ya jina haitoshi. Watafiti wageni huja kwa ufadhili wa miaka mitatu, wakaondoka na shahada. Mti ulio na kibati hausubiri ufadhili. Unanenepa, unapigwa na radi, unaoza, kila mwaka. Anayebaki kijijini, anayejua mstari wa rangi uko upande gani wa shina na njia ya kwenda kamera ya 43 imezibwa na mti gani ulioanguka, ndiye anayeushika mfululizo usikatike, na mara nyingi mkataba wake ni wa siku. Akiondoka kutafuta kibarua mjini, ploti haitafutika kwenye ramani, ila kipimo kilekile kwenye mti uleule kitakuwa kimepotea. Fedha zikija baadaye zitanunua kamera mpya, nyavu mpya na hata magari, lakini hakuna bajeti inayoweza kununua unene wa mti wa mwaka ambao hakuna aliyekwenda kuupima. Ndiyo maana mshahara wa mwenye utepe ungepaswa kuandikwa kwenye bajeti kabla ya bei ya kamera.